Buti Alizotoa Chef

Mama Kapinga alikuwa akirudi nyumbani Kampemba kwa basi dogo wakati mlinzi aliyeketi kando yake alipovua buti, akatoa wembe, akaanza kuchonga sugu kwenye kidole cha mguu. Mama akamkamata mkono.

"Papa, uko na sukari mu damu?"

"Banasema iko. Na weye, uko munganga?"

"Siko munganga. Baba yangu alianza vile vile, wembe na kidonda kidogo. Balimukata muguu mpaka mu goti! Osha na maji na sabuni, pangusa muzuri katikati ya bidole, kisha uende ku hospitali, uonyeshe munganga. Na hii buti, utupe!"

Mlinzi akawaka kuliko yeye. "Nitupe? Miye navaa namba makumi ine na tatu. Chef, mukubwa wetu wa kazi, anatupatia bantu bote makumi ine na moya. Nikivaa ingine, ananirudisha ku nyumba. Hii sugu ni ya chef, mama, haiko yangu!"

"Na muguu ni ya nani?"

Abiria wa nyuma wakagawanyika papo hapo, kama ilivyo kawaida ya watu wasioumwa.

Basi likasimama mbele ya geti la depo alikolinda mlinzi. Mlinzi akasukuma mguu ndani ya buti huku ameuma meno, akashuka. Mama Kapinga akachungulia dirishani. Chef alikuwa amesimama getini, na yule mlinzi akapita mbele yake bila kuchechemea hata kidogo.