Genowefa Rutkowska, Mkulima wa Tritikale wa Zalesie

Genowefa alizaliwa tarehe 3 Januari 1961 kijijini Kulesze, karibu na mji wa Łomża, mtoto wa tatu wa Bwana Feliks na Bibi Apolonia. Alisoma shule ya hapo hapo kijijini, kisha chuo cha kilimo. Huko ndiko alikoijua tritikale, nafaka iliyotokana na kupandanisha ngano na rai, nafaka ya nchi za baridi inayovumilia udongo hafifu. Aliipenda, wala hakuficha.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Bwana Wacław, akahamia kwa wakwe zake hapa Zalesie. Udongo wetu ni kichanga, na baba mkwe wake, Mzee Hipolit, alikuwa akipanda rai tu. Genowefa akamwomba wajaribu tritikale.

"Mtoto wa ngano na rai? Huyo ni kama nyumbu wa punda na farasi, binti. Nyumbu hazai."

"Huyu anazaa, Baba. Waulize nguruwe wako mwakani."

Mzee akacheka, akampa shamba zima la nyuma ya zizi. Mwishoni mwa Septemba Genowefa akapanda, mbegu zikiwa chini kiasi cha vidole viwili.

Baridi ya mwaka ule ilikuja bila theluji ya kuufunika mmea. Kufikia Machi shamba lilikuwa kahawia tupu, na humo ndimo kilimotegemewa chakula cha nguruwe cha mwaka mzima. Mzee akawasha trekta alilime upya, apande shayiri. Genowefa akasimama mbele ya trekta.

"Baba, nipe wiki moja."

"Ya nini? Kufufua maiti?"

Alichimba mabonge ya udongo na mimea yake, akayapanga kando ya jiko ili joto lionyeshe kama mizizi ingali hai, ndani ya sinia la kuokea mkate la mama mkwe wake, Bibi Leokadia.

"Pasaka hiyoo, mwanangu! Keki niioke juu ya matope?"

Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Mzee aliinua bonge moja mwenyewe. Mizizi mipya, myeupe, ilikuwa imechomoza. Akavua kofia.

"Leokadia, tafuta sinia jingine."

Julai mvua ililaza rai ya majirani. Tritikale ya Genowefa, yenye shina fupi na gumu, ilisimama. Majirani wakaja kuomba mbegu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa hospitalini mjini Białystok. Bado alikaa kitini pembeni mwa shamba, akimkemea mwanawe: "Ireneusz, unapanda au unazika?" Alifariki nyumbani, usingizini, tarehe 19 Aprili 2023.

Ameacha mume, Bwana Wacław. Watoto, Bogumiła na Ireneusz. Na wajukuu wanne. Shamba ameliacha likiwa kijani. Na apumzike kwa amani. Kuvuna tutavuna sisi.