Giaboksi Aliyoifunga Ermes

Benchi la nje ya baa ya Argia, pale Spilamberto, lina nafasi ya watu wanne, na zote nne zina wenyewe: Loris na wenzake Injinia, Rubani na Sikio. Jumamosi ile lilijaa tangu saa mbili asubuhi, maana mbele yake lilisimama gari la Loris: jekundu, milango miwili, la mwaka sitini na saba, fupi hata mbwa wa Argia analitazama kwa juu. Gia ya pili ilikuwa inasaga. Saa nne lingekuja lori kutoka Torino kulichukua, giaboksi ikafunguliwe huko, na Loris alikuwa hajaigusa kahawa yake. Giaboksi ile aliifunga baba yake, marehemu Ermes, juu ya meza ya jikoni, mama akala na sahani magotini wiki mbili. Tangu siku hiyo, miaka arobaini na minne, hakuna aliyegusa hata skrubu yake moja.

— Pete ya gia ya pili imekwisha, akasema Injinia, ambaye maisha yake yote alikuwa karani wa kiwanda cha vigae. Ile pete ya shaba inayolainisha gia ikiingia. Imekwisha, basi.

— Pete aliyoweka Ermes iishe? Rubani akaruka. Wewe una wazimu! Rubani alikuwa ameendesha lori la maziwa tu, ila kwa kasi. Mimi, akaendelea, nilimwona kwa macho yangu akipanga zile gia amefumba macho. Amefumba, bwana! Anasikiliza kwa vidole.

Ermes akitajwa pale, hata Argia huacha kusuuza vikombe.

— Mimi sauti hii naijua, akasema Sikio, aliyeitwa hivyo kwa sababu la kushoto lilikufa zamani. Nilikuwa njia ya Abetone, sabini na nne. Gari la mtu likasaga hivi hivi, mara paa! Giaboksi ikapasuka vipande viwili, oili ikashuka mlima mzima mpaka mlangoni pa kanisa. Padri aliteleza na misa ikaahirishwa.

— Padri gani huyo?

— Mrefu.

Injinia akaweka kikombe chini, kwa uzito wa mtu anayetoa siri ya serikali.

— Haya, niwaambie. Treni ya kasi. Reli inapita hapo, hata kilomita hazifiki kumi. Umeme ule wote! Chuma kinashika sumaku polepole, gia ya pili inaivuta ya tatu. Nimepiga hesabu.

— Acha hesabu zako, Rubani akasema. Ile giaboksi imezoea mkono wa Ermes. Inamtambua mtu. Imegundua anayeshika ni mwanawe, imekataa.

Wakacheka, lakini si sana, na Loris hakucheka kabisa. Hilo ndilo lililokuwa likimla rohoni. Fundi wa Torino angefungua, angekuta kila kitu baba alivyokiacha, angekivuruga kwa nusu saa na kukiita kazi. Tena labda aliyeharibu ni yeye Loris, kwa mkono wake mzito.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, kucha nyeusi kwa grisi. Zaira, fundi wa matrekta wa mashamba ya cheri ya Vignola, hakuwa mtu wa pale. Alipita tu kununua sigara.

— Samahani, wazee wangu. Na rivasi je? Nayo inasaga?

Wazee wote wanne wakageuka kulitazama gari.

— Hatujui, sinyora, Loris akasema taratibu.

— Hamjui vipi? Linatokaje gereji?

— Tunalisukuma, akajibu Rubani, amenyooka kama yuko kanisani. Tangu lianze kuumwa. Wanne, kwa mikono. Gari aliloshika Ermes hulirudishi nyuma kwa rivasi likiwa gonjwa.

— Mungu wangu, akasema Zaira. Basi wewe ingia. Washa. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu kumi, uweke rivasi.

Loris akaingia, akawasha. Alihesabu kwa sauti, na benchi zima likahesabu naye. Alipofika kumi akasukuma mkono wa gia.

Ikasaga. Ikasaga mpaka njiwa wakaruka. Sikio aliisikia kwa masikio yote mawili. Rubani akavua kofia.

— Afadhali! Zaira akapiga makofi. Zima, zima! Rivasi haina pete, baba. Ukikanyaga klachi ukasubiri, kule ndani gia zinasimama, nini kizunguke tena? Iingie kimya. Ikisaga hivyo, ni klachi haiiachii injini. Kebo imelegea, na kebo iko huku nje. Huko ndani kwa mzee wako hakuna ugonjwa wowote.

Tayari alikuwa amelala chini ya gari, anadai spana namba kumi na tatu. Hakuna aliyesogea. Loris alikaa na mkono bado juu ya gia, machozi yanamtoka mbele za watu, na hakujali. Kisha akatoa simu, akampigia dereva wa lori.

— Rudi Torino, bwana… Hapana, haifunguliwi… Bado, ndiyo, bado inasaga… Nakuambia inasaga vizuri sana!