Sapu ya Wiston

Benchi la Koleta muuza kahawa, pale njia panda ya Kasulo, lina miguu mitatu na tofali moja, na tangu likizo ianze Wiston ndiye anakalia upande wa tofali. Yuko mwaka wa pili chuo kikuu, na biokemia imempa sapu: arudie mtihani mzima wa jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu. Ataufanya Jumatatu. Akifeli tena anadisko, chuo basi, anarudi kushika jembe la baba yake. Amemeza notisi wiki tatu mpaka kichwa kinagonga. Amechoka, jamani, na wenzake wa benchi hawana huruma.

— Hebu tusomee, alisema Mayunga, anayeitwa Jozi kwa sababu ya maksai wake wawili.

— Chakula kinavunjwavunjwa, sukari yake inaingia kwenye seli, inachomwa humo. Ndiyo nguvu yenyewe.

— Uongo mtupu! Nguvu iko shingoni. Kama unabisha, waulize maksai wangu.

Celestini, jina la kijiwe Mahakama, maana kila jambo lazima alitolee hukumu, akaweka kikombe chini.

— Shingo ni njia tu. Mtu anazaliwa na nguvu yake, imepimwa. Mimi yangu iliishia kwenye choo cha baba mkwe.

— Choo kimoja?

— Futi ishirini, Jozi! Kwenye mwamba! Tangu siku hiyo nimekaa.

Koleta akacheka huku anamimina.

— Simu ndizo zinawamaliza. Ukiishika inapata moto, si ndiyo? Moto huo imeutoa wapi? Kwenye damu yako.

— Ndiyo maana Wiston kakonda! akadakia Jozi.

Siku nyingine Wiston angebisha. Leo alifunga daftari tu.

Nyuma yao alikuwa amesimama mama mmoja mwembamba, anasubiri gari la Bugarama, karatasi ya kliniki mkononi.

— Shikamoo, mama, akasema Wiston.

— Marahaba, mwanangu. Nimekusikia. Mimi wamenipima, sukari imejaa kwenye damu. Na wewe unasema sukari ndiyo nguvu. Sasa mbona hata jembe siinui?

Wiston akachangamka, maana hilo analijua. Zikamtoka sentensi tatu za Kiingereza, vilevile zilivyo kwenye daftari.

— Sawa, mwanangu. Ila nipe maneno ya kwenda kumwambia mume wangu. Yeye anasema ni uvivu.

Wiston akaanza kwa Kiswahili, akakwama. Akajaribu Kihangaza, akakwama mapema zaidi. Gari likapiga honi, mama akashukuru, akaondoka na karatasi yake.

— Lile swali gumu, akasema Mahakama.

— Si gumu, Wiston akajibu. Lilikuja kwenye mtihani. Ndilo pekee nililopata maksi zote.