Fundi Gonga na Doa la Unyayoni

Mdogo wangu tunayemzika leo alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1962, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha kupasua mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa mwendesha msumeno hapo kiwandani. Mama alifagia vumbi la mbao ndani ya nyumba asubuhi na jioni, na huyu mtoto alilala humo humo kwenye vumbi wala hakupiga chafya. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Ndiyo maana nimepewa kazi hii ya kusoma, na ndiyo maana mtanivumilia.

Kamati ya mazishi imeniomba mambo mawili. La kwanza, nisome kwa ufupi kwa sababu ya jua. La pili, nikifika kwenye ugonjwa niseme "aliugua kwa muda mfupi," nipite. Niliwaambia nimesikia, na kusikia nimesikia kweli. Lakini tangu Ijumaa kuna maneno yanapita kwenye msiba huu kuhusu wifi yangu, mke wa marehemu, kwamba alikaa na ugonjwa wa mumewe ndani ya nyumba akanyamaza mpaka ukamuua. Jana tukipanga viti, mtu aliuliza kama ni lazima akae mbele. Kwa hiyo wasifu nitausoma wote, na ugonjwa nitausoma wote.

Wengine mnanitazama muone kama nitalia. Sijalia. Sijui machozi yako wapi. Tangu Alhamisi nafanya ninachoambiwa, nakula nikipewa sahani, nalala nikionyeshwa kitanda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Jina la Gonga alilipatia darasani. Kila dawati alilopewa aliligonga kwanza kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, kisha akaomba abadilishiwe. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje. Huko nje akaugonga mlango wenyewe, na mwalimu, akidhani ni mwalimu mkuu, akafungua kwa adabu zote huku amefunga vifungo vya koti. Tulicheka nyumbani mpaka baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, akaenda nje tusimwone. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1980 kwa alama za kutosha kumnyamazisha mama, si zaidi.

Mwaka 1981 aliingia kwa fundi wa samani akajifunza randa na patasi. Mwaka 1984 alihamia kwa fundi wa magitaa, mtu mkali aliyemtuma chai kwa miezi kabla ya kumruhusu kushika ubao. Tarehe 2 Februari 1989 alifungua karakana yake, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, chenye dirisha moja refu. Alikuwa akisema kwamba alichopanga ni dirisha, chumba alipewa kama nyongeza.

Watu hudhani kutengeneza gitaa ni kupinda mbao na kufunga nyuzi. Yeye sehemu kubwa ya maisha yake ilikwisha akitazama madoa. Ubao safi kabisa haupo, na ukiwepo haufiki nyuma ya duka la vipuri. Utakuwa na mstari mweusi, au kifuko cha utomvu, au tundu la mdudu, au fundo pale tawi lilipotokea. Aliupangusa kwa spiriti ili auone utakavyokuwa ukishapakwa vanishi, maana kuna madoa yanayojificha ubao ukiwa mkavu. Aliushika dirishani mwanga upite nyuma yake, akaukunja kidogo kwa vidole, akaugonga. Kisha alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa mbili tu. Akisema "hii ya mwili," yaani ufa au uozo, ubao huo ulikwenda kuwa rafu ya jikoni kwa mtu. Akisema "hii ya sura tu," kazi iliendelea.

Hiyo ya sura aliijulia. Mstari mweusi aliupanga uangukie pale patakapokatwa tundu la sauti, ukatoka na kipande. Fundo dogo lilikwenda chini ya daraja la nyuzi. Tundu la mdudu alilijaza kwa unga wa ubao uleule uliokorogwa na gundi, na ukipitisha kidole husikii kitu. Kifuko cha utomvu alikikwangua akapachika kibanzi chembamba kilichofuata mwelekeo wa ubao wenyewe. Na lile lisilofichika aliliacha wazi, akamwita mwenye gitaa aje alione. Siku moja mpiga gitaa wa bendi alikuja amepandwa na hasira.

"Fundi, ndiyo nini hii? Uso mzima una doa!"

"Hilo doa lilikuwepo kabla hujazaliwa. Piga."

Yule bwana akapiga.

"Unalisikia?"

"Doa? Doa nitalisikiaje?"

"Basi limekukosea nini?"

Bwana huyo yupo hapa leo, amevaa shati la bluu, na gitaa hilo bado analo.

Ubao ukiangukiwa na nyundo ukabonyea, bonde huinuliwa kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Mvuke ukiingia, mbao inavimba na bonde linapanda. Mwaka 1990 karakana haikuwa na pasi. Mlango wa tatu palikuwa na dobi, msichana aliyesimamia pasi nne peke yake. Mdogo wangu alikwenda kuazima moja. Msichana akautazama ubao, akamwambia, "Wewe utauunguza, lete nikufanyie," na akamfanyia. Kesho yake mdogo wangu akarudi na ubao mwingine.

"Haya, bonde liko wapi?"

"Nalitafuta."

"Ubao huu hauna bonde, kaka."

"Basi tulitafute wote."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Desemba 1991, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume. Mimi wifi huyu sikumpenda haraka. Alinisahihisha namna ya kukunja shuka, nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya wageni, na kinyongo hicho nilikaa nacho muda mrefu. Nayasema haya mjue kwamba simtetei kwa sababu ya urafiki wa zamani.

Sasa ugonjwa. Oktoba 2021 marehemu alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mkono wa kochi, na mkewe akaona doa jeusi kwenye unyayo wa kushoto, karibu na kisigino. Alimwambia palepale. Marehemu akaukunja mguu, akalitazama kwenye mwanga, akalibonyeza, akaliuliza maswali yake yote ya karakana. Linauma? Haliumi. Limepasuka? Halijapasuka. "Hii ya sura tu," akasema, akavaa soksi.

Desemba alimwambia tena. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwao namenya vitunguu, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

"Baba watoto, mimi madoa ndiyo kazi yangu. Doa lisilokua ni doa. Hili linakua."

"Mama watoto, nimetazama madoa tangu nikiwa kijana."

"Ya mbao."

"Na mti haukuwa hai?"

Alijibu hivyo huku anacheka, na lilikuwa jibu zuri, alikuwa na majibu mazuri siku zote. Mkewe hakucheka. Alipanga siku ya kwenda zahanati. Marehemu akasema kuna mteja anakuja. Alipanga siku nyingine, na safari hiyo mteja akaja kweli. Aprili 2022 wifi yangu alifunga chumba chake cha udobi mchana kweupe, akaenda akasimama mlangoni pa karakana, kandambili za mumewe mkononi, akasema haondoki mpaka waondoke wote. Aligombezwa mbele ya watu. Alisimama mpaka mumewe akafunga mlango akaendelea na vanishi yake, ndipo akarudi kwenye pasi zake. Mwenye duka la vipuri aliliona hilo, na mwenye duka la vipuri yupo.

Agosti palitokea uvimbe kwenye kinena, na hapo ndipo marehemu alipokubali. Daktari, mwanamke kijana wa sauti ya chini, hakuanza na uvimbe. Alimvua soksi. Akatazama, akapima, akatuma kipande maabara, na majibu yalipotoka akatwambia kwamba ni saratani ya ngozi, imeanzia unyayoni, na imeshasafiri mwilini.

Marehemu akamuuliza, "Kwa hiyo halikuwa la sura?"

"Hapana, mzee wangu. Halikuwa."

Akatingisha kichwa kama mtu aliyesomewa bei. Nje, kwenye benchi la kusubiria, alikaa na kiatu mkononi bila kukivaa mpaka mkewe akapiga magoti akamvalisha.

Alitibiwa kwa miezi, akapata nafuu kidogo mwezi Novemba, akarudi karakana na kiti cha kukalia. Januari alilazwa tena. Tarehe 26 Februari mwaka huu, akiwa na akili zake zote, mbele yangu na mbele ya kaka yetu mkubwa, ambaye amekaa pale na anaweza kusimama kunikanusha, alimshika mkewe mkono akasema: "Wewe uliona. Mimi ndiye niliyekataa. Wakikuuliza, waambie nimesema mimi."

Wifi yangu hajamwambia mtu. Ameulizwa kwa maneno na ameulizwa kwa macho, akainamisha kichwa, akaendelea kukaribisha wageni. Nadhani hataki mume wake aonekane mjinga siku ya kuzikwa. Mdogo wangu hakuwa mjinga. Alikosea mara moja, kwenye kazi aliyoijua kuliko sote. Naona uchungu kulisema hilo, na ni uchungu wa kwanza ninaouona tangu Alhamisi.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa nne asubuhi, wodini, mkewe akimpaka mafuta miguuni.

Ameacha mke. Ameacha mabinti wawili, mtoto wa kiume, mkwe, na mjukuu anayetambaa. Ameacha kaka mmoja na dada watatu, mimi nikiwa mmoja wao. Ameacha magitaa manne ambayo hayajafungwa nyuzi. Wenyewe mje wiki ijayo, msije kesho. Na wale waliokuwa wakiosha vikombe juzi, wakiulizana mtu analalaje kitanda kimoja na mumewe asione unyayo, aliuona. Aliuona kabla ya sisi sote, na akasema.

Mdogo wangu apumzike kwa amani. Na mkewe naye mwacheni apumzike.