Tabita Ilunga, Aliyeitwa Wakuja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Tabita Ilunga, fundi cherehani wa mtaa wa Mpemba hapa Tunduma, aliyefariki Jumatatu kwa ugonjwa wa presha. Tabita Ilunga, fundi cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Alizaliwa Kongo, Kasumbalesa. Alifika Tunduma miaka thelathini iliyopita na mumewe Shaban, dereva wa malori. Shaban akatangulia mbele ya haki, Tabita akabaki na binti yao, Eva. Mtaani hawakumwita Tabita. Walimwita Wakuja.

"Wakuja, suruali yangu tayari?"

Naye alicheka, akaitika. Je, lilikuwa tusi? Wengi watakuambia ulikuwa utani tu.

Basi sikilizeni ya mwaka juzi. Mchana wa siku ya gulio, mtoto wa miaka minne, Brayan, alipotea. Siku hizo uvumi wa wezi wa watoto ulikuwa umezagaa. Tabita alikuwa anashona sare ya shule. Akasikia nje, "Aulizwe wakuja!" Sauti nyingine ikadakia, "Wakuja ndiye anajua!" Mguu ukamganda kwenye cherehani. Sauti zile alizijua. Walikuwa wateja wake.

Akafunga mlango, akausukumia meza. Jiwe likagonga bati. La pili likapasua dirisha.

"Mama alinivuta mbali na dirisha," Eva ametusimulia. "Akaninong'oneza, 'Ongea wewe, mwanangu. Mimi wakisikia lafudhi yangu tumekwisha.'"

Eva alipiga kelele, hakusikika. Aliyesikika ni jirani yao, mama Tulinagwe, muuza mchele. Alisimama mlangoni, mikono kaitandaza.

"Huyu ni Tabita! Mmesikia? Tabita, mama Eva! Ingieni mtafute, lakini mawe wekeni chini!"

Tabita akaondoa meza, wanaume wawili wakaingia. Wakapekua kabati, uvungu wa kitanda, hata gunia la vitambaa. Wakiwa bado wanapekua, kelele zikatoka sokoni. Brayan ameonekana! Alikuwa amelala kwenye guta la mjomba wake, nyuma ya magunia ya mahindi. Umati ukatawanyika. Hakuna aliyeomba radhi.

Jioni mama Tulinagwe alirudi. Yeye naye alikuwa akimwita Wakuja, miaka yote hiyo.

"Dada, neno lile lilikuwa linakuuma?"

Tabita alijibu, "Nilikuwa nacheka ili mnizoee. Niliogopa nisipocheka itakuwaje."

Tangu siku ile hakuliitikia tena. Na mpaka anafariki, alishona mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

Tulimzika Alhamisi. Eva anasema kati ya waliobeba jeneza aliwatambua wawili, walewale walioingia kupekua. Hakuwasemesha. "Niliogopa," anasema.

Eva, pole sana, mwanetu. Mama Tulinagwe, pole. Mungu ampumzishe Tabita Ilunga. Wasikilizaji, kila mmoja ajiulize leo, yule jirani anayecheka ukimtania, anacheka kwa nini?

Nanyi wawili, kama mnatusikia, nyumba ya Eva mnaijua. Nendeni mkamwombe radhi. Bisheni hodi taratibu.