Esperansi Selestini na Makala Namba Saba

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wageni wetu mliotoka Tabora mjini tangu alfajiri, na ninyi majirani ambao hamjatuacha tangu Jumatatu, Tumsifu Yesu Kristo. Familia ya mzee Selestini imemtuma Nestory, mjomba wa marehemu, awasomee maisha ya binti yao, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu karatasi hii imeandikwa mara mbili, kwanza jana mchana, kisha jana jioni baada ya vijana wa chuo kufika na maneno yao, na mpaka sasa vichwa vyetu havijatulia.

Marehemu Esperansi Selestini alizaliwa hapa Ulyankulu tarehe 14 Machi 2002, mtoto wa kwanza wa mzee Selestini na mama Prisila, akafuatiwa na mdogo wake Tobia mwaka 2004. Alikulia katika nyumba ya nyasi, maana baba yake, aliyeletwa huku kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa amebebwa mgongoni, aliamini kwamba siku yoyote watarudi, na mtu wa kurudi haezeki bati, hivyo bati lilipanda mwaka 2015, baada ya cheti cha uraia kufika mkononi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 2009 hadi 2015, sekondari 2016 hadi 2019, kidato cha tano na cha sita akavisomea Urambo hadi Mei 2022, na Novemba mwaka huo akajiunga na chuo kikuu mjini Tabora kusomea uhusiano wa kimataifa, akapanga chumba Kanyenye, ambako Tobia naye alimfuata Novemba 2024, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho.

Kwenye kipengele cha kazi ndipo tunapopotea. Esperansi alikuwa mhariri mkuu wa jarida la wanafunzi kuhusu mambo ya kimataifa, liitwalo Njia ya Misafara, jina walilolichagua wakisema mambo ya kimataifa yalipita Tabora kwa miguu kabla hayajapanda ndege. Likizo alikuwa anakuja na mafungu ya makala kuhusu mipaka ya nchi tusizozijua, anakaa jikoni akikata mistari ya watu waliosoma kumzidi, mama yake akimuuliza, mwanangu, hawa wamekukosea nini, anacheka tu. Alichotueleza tukakishika ni kimoja, kwamba kila makala hupewa namba na jina la mwandishi hufichwa mpaka toleo liende kuchapwa, na mwandishi akijitambulisha kwa mhariri, makala yake inatupwa nje, hata awe nani. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe.

Marehemu hakuwahi kuolewa. Posa ilifika Desemba 2024, ikaambiwa isubiri toleo la tano litoke, na kijana wa watu alisubiri kweli, yuko hapa, pole sana, baba. Kuhusu watoto, wenzake wa chuo walituomba tuandike kwamba ameacha matoleo manne, mama Prisila akakataa katakata, akasema yeye hajawahi kubembeleza toleo, kwa hiyo tunaandika kwamba marehemu hakuacha mtoto, na wageni watusamehe.

Ugonjwa ulianza Machi 2025, miguu ikavimba, vipimo vikaonyesha figo, akalazwa mjini tarehe 2 Aprili, akawa anatoka na kurudi wodini. Jumamosi ya tarehe 31 Mei, mjomba wake Nestory, ndiye huyu anayewasomea, alikuwa anamnywesha uji, Tobia amekaa miguuni, na marehemu akaanza kuisifu makala namba saba ya toleo la tano, inayomhusu mzee mmoja aliyekaa miaka arobaini chini ya nyasi, na usiku wa kwanza wa mvua chini ya bati akashindwa kulala kwa kelele, akabaki anacheka peke yake gizani. Akamtazama mdogo wake, akamuuliza, "Wewe unadhani nani kaandika hii?" Tobia akasema, "Sijui, dada." Akauliza tena, akajibiwa vilevile, akatabasamu, akaomba uji uongezwe sukari. Mjomba hakuelewa kitu, alijiona amekaa katikati ya watu wanaoongea lugha ya kwao.

Esperansi alifariki dunia Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Siku hiyohiyo Tobia alituambia kwamba makala namba saba ni yake. Aliipeleka Januari, dada yake akaikataa kwa maneno makali, kwamba mwandishi huyu hajawahi kulala Ulyankulu, Tobia akaiandika upya, ndipo alipoingiza ule usiku wa bati, na pale hospitali alisema hajui kwa sababu angejitaja tu ingetupwa. Tangu siku hiyo hali wala hanywi, anamuuliza kila anayeingia kama dada yake alikufa bila kujua, na kila mmoja wetu anasema lake, baba yake hivi, mama yake vile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mpaka mwisho, majirani mliochota maji na kupika, Baba Paroko, na wanajumuiya wote. Wa mwisho tunawashukuru wahariri wenzake, hasa Fakhria Bader wa Mtendeni, aliyekuwa msaidizi wake, ambaye jana jioni alimsikia Tobia akiuliza swali lake, akatusimulia jambo ambalo wao pia lilikuwa limewachanganya. Tarehe 24 Mei marehemu aliomba ruhusa wodini akaenda kuongoza kikao cha kuchagua makala, na ilipofikia zamu ya namba saba alisimama bila kusema neno, akatoka, akakaa kwenye benchi juani. Wakamfuata na maji wakidhani amezidiwa, akawafukuza warudi ndani wapige kura bila yeye. Wana sheria yao nyingine, Fakhria ndiye aliyetueleza, kwamba mhariri akishamtambua mwandishi hutoka nje, na hasemi sababu, maana akiisema amemtaja.

Alipokuuliza wodini, Tobia, ilikuwa imepita wiki nzima tangu akae kwenye lile benchi. Dada yako alijua, mwanangu.

Nawe Esperansi, binti yetu, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.