Kishikwambi Kisichohitaji Fundi

Assalamu alaykum, ndugu zangu, na wenzetu wa kanisani nawasalimu pia, kila mtu kwa imani yake. Mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele. Ahsante, lakini nitasimama. Mnaonijua mnajua kwamba nikikaa miguu yangu hutikisika, hata aliye kando yangu huniuliza kama nina homa. Mmeniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka katika biashara. Nitaeleza kwa mpangilio, maana nimekuja na daftari langu, na sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamo humu humu ndani.

Nilifanya kazi miaka minane katika duka moja la simu kisiwani. Tulikuwa tukiuza vishikwambi vya ile chapa kubwa, ile ambayo watu wamezoea jina lake hata tableti yoyote wanaiita hivyo, hata iwe imetengenezwa na yeyote. Kazi ilikuwa rahisi. Mteja anaingia akijua anachotaka, wewe unamtolea boksi. Nikajidanganya kwamba mimi ni muuzaji hodari.

Kisha ikaja kampuni changa inayotafuta wakala wa Likoni, Changamwe na Kisauni. Kishikwambi chao kilikuwa kipya kabisa sokoni, chepesi, bei yake ya chini, na chaji inakaa siku mbili. Sharti lilikuwa moja. Nina miezi sita. Kisipotoka, uwakala unakwenda kwa mwingine.

Nikaacha kazi. Mwajiri wangu hakugomba. Aliichukua fulana yangu ya kazi, akaitundika msumarini nyuma ya kaunta.

"Bibie, naiacha hapa," akasema. "Ukichoka utaikuta."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini ndugu zangu, nawaambia, ile fulana ilinifuata. Nikiwa kwenye feri naiona. Nikikuna nazi naiona.

Uzinduzi niliufanya Likoni, karibu na kivuko. Hema mliniazima nyinyi wa chama hiki. Nikaweka kahawa na kashata, nikapanga vishikwambi mezani, na juu nikatundika bango la kitambaa la kuonekana tangu mbali. Maneno yake niliyatunga mwenyewe: KISHIKWAMBI KISICHOHITAJI FUNDI. Kule dukani nilikuwa nimewasikia wateja wengi wakilalamikia vioo kupasuka, nikaona hapa nimepiga penyewe. Nilipiga picha bango lile kabla ya kupiga picha bidhaa.

Watu walijaa. Walishika, walisifu.

"Mashallah, chepesi kama sahani ya plastiki."

"Mwanangu atakipenda hiki. Ngoja niulize kwanza."

"Inshallah nitarudi, dada. Hii kahawa umetia tangawizi?"

Kufikia jioni nilikuwa nimeuza viwili. Kimoja alinunua shemeji yangu kwa kunionea haya.

Basi nikaanza kuhangaika. Asubuhi Changamwe, mchana Kisauni, alasiri navuka tena kwenda Likoni. Nilibadilisha meza, nikabadilisha kitambaa cha meza, nikabadilisha hata namna ya kusalimia. Wale waliosema watarudi niliwapigia simu mpaka wengine wakaacha kupokea. Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, kaa ule." Nilikula nimesimama, jicho dirishani. Bango nilikuwa nalo kila mahali. Nikifika tu, la kwanza ni kulitundika.

Na nilikuwa naandika. Kila mteja aliyeondoka bila kununua niliandika alichosema. Mwezi wa tatu ulipokwisha nikasoma daftari, nikaona jibu moja limejaza kurasa: ngoja niulize kwanza. Mnanijua kwa kudadisi mambo ya watu. Lakini wallahi, siku zote hizo sikujiuliza wanakwenda kumuuliza nani.

Jibu nilipewa Kongowea. Nilikuwa nashuka kwenye tuktuk, kishikwambi cha maonyesho mkononi, hamali akaja na mkokoteni wa viazi. "Kando, mama, kando." Nikaruka. Kishikwambi kikaanguka kifudifudi. Nilipokiokota, kioo kilikuwa kimepasuka kona hadi kona. Na kesho yake nilikuwa na miadi ya kukionyesha kwa walimu wa shule moja Utange.

Hatua chache kutoka pale alikuwako fundi wa simu, mtu wa makamo, meza yake chini ya ngazi za duka, miwani ya kukuzia kipajini. Pembeni benchi, na wateja watatu wameketi. Nikamwekea kishikwambi mezani. Akakigeuza, akakitazama mgongoni, akanitazama mimi.

"Dada, hiki si ndicho kile kisichohitaji fundi?"

Benchi zima likacheka. Mmoja akasema, "Labda amekuja kusalimia tu."

"Nimekuja kwa fundi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Basi kaa. Hapa watu hungoja zamu."

Nikakaa. Hiyo ndiyo adhabu kubwa aliyoweza kunipa, na hakujua. Miguu ikaanza kutikisika, benchi likatikisika, wale watatu wakashikilia simu zao.

Pale ndipo nikaona nisichokuwa nimekiona kwa miezi mitatu. Watu walikuja kwa fundi yule hata bila kitu kilichoharibika. Mmoja alileta simu aliyotaka kuuziwa na binamu yake, fundi aikague. Mwingine aliuliza achukue rangi gani, na fundi akamjibu kwa uzito kama daktari. Kisha akaja mama mmoja na binti yake wa sekondari.

"Fundi, kuna kishikwambi kipya nimekiona Kisauni, bei yake nzuri. Nimnunulie huyu?"

Fundi hakunitazama. "Mama, kioo chake sina, wala ndani yake sijawahi kupaona. Kikivunjika utakuja kunililia mimi. Nunua kile ninachokijua."

Mama akashukuru, akaondoka. Mteja wangu yule, ndugu zangu. Amekwenda zake mbele ya macho yangu, na fundi hakusema uongo hata neno moja.

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, "Mafundi wote huwaambia watu hivyo?"

"Tungewaambiaje? Wewe ulitundika bango toka Likoni mpaka huku kwamba hatuna kazi. Tukasema sawa, atengeneze mwenyewe."

Nilikwenda Utange na kioo kilichopasuka. Walimu hawakuchukua. Lakini siku hiyo niliwapigia wenye kampuni na kuwataka waniletee vioo na vipuri. Wakasema wao wanauza vishikwambi, hawauzi vipande. Nikawaambia wasipoleta, uwakala wao wauchukue hata kesho. Nilipokata simu, fulana niliiona wazi pale msumarini, mpaka kishikizo kilichokatika shingoni. Siku ya tisa boksi likafika.

Bango nililishusha kwa mkono wangu. Nikapika pilau, nikawaalika mafundi wa Likoni, Changamwe na Kisauni uani kwangu. Walikuja kumi na wanne, wengine, nadhani, kunicheka. Nikawaomba radhi, sikuwa na hotuba. Kisha nikawapa vishikwambi vitatu na kuwaambia wavifungue watakavyo. Wakaviinamia. Ghafla fundi mmoja wa Likoni akasema, "Kumbe skrubu nne tu. Ile chapa nyingine wametia gundi mpaka ukome." Wakaanza kushindana nani atabadilisha kioo upesi. Kimoja walikiua kabisa, na sikusikitika. Miezi minne nilikuwa nakiuza kitu ambacho sikujua uzuri wake mkubwa uko wapi.

Ijumaa iliyofuata yule mama akaja na binti yake. "Fundi wangu amesema nikuone." Wakafuata wengine kwa maneno hayo hayo. Walimu wa Utange walinipigia wenyewe. Mwezi wa sita uwakala ukabaki kwangu.

Sijaishinda ile chapa kubwa, na sidhani nitaishinda. Kila wiki naogopa kitu kipya. Lakini kwenye kaunta ile sijarudi.

Namshukuru mume wangu aliyenivumilia nikila nimesimama, shemeji yangu na haya zake, nanyi kwa hema. Na fundi yule wa Kongowea, aliyeniambia nikae. Ukitaka kuuza kitu kigeni, tafuta kwanza mtu ambaye mnunuzi wako atakwenda kumuuliza. Kaa kwenye benchi lake kabla hujaandika bango.

Lile bango aliliomba fundi yule yule. Amelitandika mezani, maandishi juu, anafungulia vishikwambi hapo hapo. Watu wakilisoma wakacheka, anawaambia, "Mwenyewe atapita sasa hivi." Nikipita ananionyesha benchi. Nakaa, meza inatikisika, ananigombeza kwamba nitampotezea skrubu.

Mwenyekiti, kile kiti sasa nitakikubali. Mkikiona kinatikisika, ndugu zangu, niacheni tu, nimekaa.